Rubani Aliyebaki na Tanuru

Injini ilikohoa wakiwa ndani ya wingu, mahali fulani kaskazini ya ziwa la Nzilo, na nesi Bilonda alidhani ni radi tu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha rubani, mkono mmoja umeshika chupa ya seramu, maji ya dripu, mwingine umekandamiza bandeji kwenye mguu wa mgonjwa. Ikakohoa tena. Safari hii mafuta meusi yaliruka kwenye kioo cha mbele, mvua ikayatandaza, na ndege nzima ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Tata Muteba, ni nini ile?"

"Funga mutoto ku kifua yako, mama. Kaza sana." Rubani hakugeuka. "Na mugonjwa, mulalie juu."

Mgonjwa aliitwa Ernestine, mama wa kijiji kimoja upande wa Malemba ambako vita vilikuwa vimefika. Bomu lilimpasua mguu wa kushoto, chini ya goti, alipokuwa anarudi mtoni na ndoo kichwani. Mtoto wake Mbuyu, ambaye hajaota hata jino, alikuwa mgongoni siku ile na hakuguswa hata ukucha. Kolwezi, walikokuwa wanampeleka, kulikuwa na daktari wa kupasua. Huko walikotoka hapakuwa hata na uzi wa kushonea.

Ndege ilitokeza chini ya wingu. Misitu ya miombo ilitanda pande zote, miti imeshikana vichwa, bila pengo, bila barabara. Injini ilizimika. Bilonda alisikia upepo tu sasa, ukipiga mluzi kwenye mbawa, na sauti ya Muteba akijisemea taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni: "Hapana pale. Hapana pale. Ngoja. Ngoja..."

Rubani mwingine angetafuta barabara. Muteba alikuwa anatafuta upara. Katika nchi ya shaba kuna vilima ambavyo miti imevikataa. Udongo wake umejaa madini hata hauotishi kitu ila nyasi fupi na vijiua vya zambarau. Alipokiona kimoja, upande wa kulia, kiko wazi kama upara wa mzee, aliipinda ndege kwa nguvu za mabega yote mawili.

Magurudumu yaligonga jiwe yakang'oka. Ndege iliteleza kwa tumbo, ikazunguka, bawa la kushoto likakatika na kubaki nyuma. Kisha kimya. Mvua tu, ikipiga bati.

Bilonda alifumbua macho na kujikuta amemlalia Ernestine, damu ikimtiririka kutoka kwenye paji la uso. Chini ya kidevu chake Mbuyu alianza kulia, kilio cha hasira, cha mtoto aliyeamshwa vibaya. Hakuna wimbo wa kanisani uliowahi kumfurahisha vile.

"Tuko wote?" Muteba aliuliza.

"Tuko wote, tata."

Muteba aliminya vitufe vya redio mpaka akachoka. Redio ilikuwa imekufa.

Bilonda alikuwa ameruka na mtu huyu tangu mwaka wa pili wa vita ulipoanza. Alimwona akitua kwenye viwanja vya mpira, kwenye barabara za udongo zenye mbuzi, mara moja chini ya risasi, kwenda kuchukua watu ambao jeshi lilishawaacha. Hakuwahi kuuliza mgonjwa ni wa upande gani. Aliosha damu kwenye sakafu ya ndege kwa mikono yake mwenyewe, na ndoo na sabuni, akisema mgonjwa anayefuata asikute damu ya mwenzake. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Kila alipoleta wagonjwa Kolwezi hakuvuka lango la uwanja wa ndege. Alilala chini ya bawa. Manesi walimtania kwamba amemwoa huyo mama wa bati. Bilonda alimpelekea bukari, ugali wa kwao, na samaki kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, naye alikula amesimama, jicho kwenye lango.

Hakumuuliza. Mtu mzima ana mambo yake.

Muteba alitandaza turubai chini ya bawa lililobaki, akakinga maji ya mvua ndani ya ndoo ile ile. Bilonda, kwa kiu, alikuwa ameshateremka kwenye kijito chini ya kilima na kuinama.

"Usikunywe!" Muteba alikuwa anakuja akichechemea, anapunga mkono. "Angalia mawe."

Mawe yalikuwa ya kijani, kijani kizuri kama cha kitenge kipya.

"Ni mayi ya shaba ile. Siye batoto tulikunywa, tulitapika mpaka nyongo. Kiisha mama akatupiga juu ya kutapika."

"Kumbe weye ni mutoto wa huku?"

Muteba aligeuka kuelekea kilimani. "Tupande," alisema. "Mugonjwa eko yeye moja."

Walingoja siku hiyo, na usiku, na asubuhi iliyofuata, wakisikiliza mbingu. Hakuna ndege iliyokuja kuwatafuta. Nani angetuma ndege katika nchi ambayo haikuwa na mafuta hata ya taa? Mguu wa Ernestine ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Bilonda alimwangalia Muteba, Muteba akaelewa. Alikata kipande cha bati la bawa, akakikunja mbele kama mtumbwi, akafunga machela juu yake kwa mikanda ya viti. Mkanda mrefu kuliko yote aliupitisha kifuani pake.

"Utanivuta kama ng'ombe?" Ernestine aliuliza, midomo imepauka.

"Mi njo ng'ombe, mama. Weye ni mwenye gari."

Chini ya kilima walikuta minara ya umeme iliyotoka kwenye mabwawa ya Lualaba kwenda mjini. Waya hazikuwepo tena, zilishakatwa na kuuzwa, kila mtu alijua jinsi nchi ilivyokuwa inaliwa kipande kwa kipande. Lakini minara ilibaki imesimama mmoja nyuma ya mwingine, mikono wazi, na chini yake kulikuwa na uwazi walikofyeka miti zamani. "Tunafuata hii," Muteba alisema, "jua la asubuhi likae ku bega ya kushoto." Akaegemea mkanda, akaanza kuvuta.

Walivuta. Bati lilikwaruza mawe, likateleza kwenye nyasi zilizolowa, likanasa kwenye visiki. Bilonda alisukuma nyuma, Mbuyu kifuani. Waliokota masuku yaliyoiva chini ya miti na kuyanyonya, juisi ikiwachuruzika mpaka kwenye viwiko. Jua lilipochoma, Mbuyu alinyonya kwa mama yake, akaacha, akarudi, akaacha tena na kupiga kelele.

"Maziwa imekauka," Ernestine alisema, na kwa mara ya kwanza alilia.

Blauzi ya Bilonda ilikuwa imelowa tangu asubuhi. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe, wa umri ule ule, kwa mama yake mtaani Dilala, na kila Mbuyu alipolia kifua chake kilijibu bila kuulizwa. Aliketi kwenye jiwe, akafungua vifungo.

"Unipe ruhusa, mama."

Ernestine alitazama kichwa cha mwanawe kikizama kwenye titi la mwenzake, koo likipanda na kushuka. Alijifuta machozi kwa kiganja. "Atazoea maziwa ya mujini," alisema. "Kiisha atanikataa."

Walicheka, wote watatu, hata rubani aliyekuwa amewapa mgongo kwa heshima.

Asubuhi iliyofuata waliona moshi. Ulikuwa mweupe, mzito, unapanda polepole upande wa kulia nyuma ya ukingo wa miti, karibu kabisa.

"Bantu!" Bilonda alipiga kelele. "Tata, bantu bale!"

Muteba alisimama. Mkanda ulilegea kifuani pake. Aliutazama ule moshi kwa muda mrefu, na Bilonda aliona uso wake, ambao hata chini ya risasi haukubadilika, ukigeuka mgumu kama wa mtu anayesikia jina la marehemu.

"Ni basoda," alisema. "Tunazunguka."

Bilonda alimwamini kwamba ni askari. Mtu aliyemtoa kwenye wingu bila injini, angeachaje kumwamini? Wakaiacha minara, wakashika bonde upande wa kushoto, na bonde lilikuwa tope tupu. Maji ya matope yaliwafika kiunoni. Machela ilipinduka. Ernestine alizama na kuibuka anakohoa, bandeji zote nyeusi. Kutwa nzima walipigana na lile bonde, na walipotoka ng'ambo ya pili kwenye ardhi kavu, jua likielekea kuzama, walikuwa hawajasogea mbele hata kidogo. Moshi ulikuwa pale pale, nyuma ya bega lao sasa.

Bilonda alifungua bandeji. Harufu ilimpiga usoni. Alifunga tena, akaosha mikono kwa maji kidogo yaliyobaki, kisha akamwendea Muteba aliyekuwa ameketi anapambana na kiatu chake. Kiatu hakikutoka. Bilonda alikikata kwa mkasi. Mguu uliotoka ndani ulikuwa wa zambarau, kifundo hakionekani.

"Ulivunjika siku ile," alisema. "Umevuta bantu na muguu ya kuvunjika."

"Iko tu kidogo."

"Tata Muteba. Angalia mi." Alinyoosha kidole kule kwenye moshi. "Basoda ya namna gani inawasha moto kutwa nzima fasi moja, haitembei, haiimbe, haiibe hata kuku ya bantu? Ile ni bapika makala, benye kuchoma makaa. Na weye ulijua."

Mbuyu alikuwa anacheza na kifungo cha shati la rubani la Muteba, lile lenye mistari mabegani, naye akamwachia.

"Nilijua," Muteba alisema.

Akamweleza. Alizaliwa Dilala, katika nyumba ya kampuni ya shaba. Baba yake Kankolongo aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, akazeekea chini ya ardhi akichimba shaba. Hawakuwa na kwao kwingine. Kisha ukaja ule mwaka wa tisini na tatu, vijana wakapita nyumba kwa nyumba na fimbo na petroli, wakiwaita watu wa Kasai bilulu, wadudu, wakiwaambia warudi kwao. Kwao wapi? Walikaa kwenye saruji ya stesheni, maelfu, wakingoja treni zisizokuja. Dada yake mdogo, Kanku, alishikwa na kuhara pale pale kwenye saruji, na dawa haikuwepo. Walimzika karibu na reli, treni ikaja kesho yake.

"Benye walitutoa balikuwa bantu tulikula nabo," alisema. "Si basoda. Majirani. Mi siogope risasi, mama Bilonda. Risasi haijui jina yangu. Naogopa mutu mwenye ataniuliza: weye, tata, ni mwana ya nani?"

Bilonda aliikumbuka asubuhi moja ya mwaka ule. Alikuwa darasani, dawati la mbele yake, la msichana aliyeitwa Mbombo, lilikuwa tupu, na mwalimu aliendelea kufundisha kana kwamba limekuwa tupu siku zote. Akamshika Muteba mkono.

Kutoka kwenye machela sauti ya Ernestine ilikuja, dhaifu, ya homa: "Mukimaliza kuongea, muguu wangu unanuka."

Muteba aliinuka. Alipitisha mkanda kifuani, akageuza uso upande wa moshi. Usiku kucha walivuta, wakilizunguka lile bonde kwa juu, na palipokucha, kabla jua halijakausha umande, walikuwa wanatokeza kwenye kambi.

Tanuru la makaa lilikuwa refu kama nyumba ya vyumba viwili, magogo yamepangwa na kufunikwa nyasi na mabonge ya udongo, moshi ukipenya kwenye vitundu vya pembeni. Mwanaume mwembamba mwenye shoka alikuwa juu yake kwenye ubao, anaziba ufa. Mke wake alikuwa anakoroga sufuria. Wote wawili walikuwa weusi kwa masizi hata meno yao yalionekana ya kukopa.

"Mungu wangu," mwanamke alisema. "Benye wanatoka ku kaburi."

Jina lake Henriette. Hakuuliza kitu kabla hajawapa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, katika kopo la bati lililopita mkono kwa mkono. Bilonda alikunywa mpaka machozi yakamtoka. Mume wake Nkulu alishuka, akautazama mguu wa Ernestine, akatoa hewa puani.

"Huyu lazima afike leo. Niko na kinga." Akaonyesha baiskeli iliyoegemea mti, ile ya kubebea magunia, imeimarishwa na vyuma vya nondo. "Tutamufunga pale kama gunia. Lakini mulima ile ni utelezi, mutu moja hawezi kusukuma. Inaomba babili, mumoja mbele, mumoja nyuma."

"Na tanuru?" Henriette aliuliza.

Bilonda alilielewa swali lile. Hakuna mtu wa Kolwezi asiyelielewa. Tanuru likishawashwa haliachwi. Linatazamwa mchana na usiku kama mgonjwa. Ufa mmoja usioonekana ukiingiza upepo, moto unaamka, na magogo ya mwezi mzima yanakuwa jivu. Tanuru lile lilikuwa chakula chao cha masika yote.

"Mi nitabaki na tanuru," Muteba alisema.

Henriette alimtazama kuanzia mguu wa zambarau mpaka mistari ya mabegani. "Weye? Ndege imekushinda, tanuru njo utaiweza?"

"Ndege ilinishinda sababu haikuwa na pa kuzibia, mama. Hii nitaziba."

Nkulu hakucheka. Alikuwa anasugua shoka kwa kidole gumba. "Tanuru siachie mutu bila jina," alisema. "Weye ni nani? Mwana ya nani?"

Bilonda aliruka mbele. "Ni kaka yangu huyu, Ngoy, mutu wa huku, ni..."

"Hapana, mama." Muteba aliweka mkono hewani mbele yake, kama anavyofunga mlango wa ndege. Alisimama kwa mguu mmoja, ameshikilia mti. "Siwezi kuomba mutu aniachie chakula ya batoto yake, kiisha nimupe jina ya uongo. Mi ni Muteba. Mwana ya Kankolongo. Muluba wa Kasai, muzaliwa wa Dilala."

Upepo uligeuza moshi, ukawafunika wote, ukapita. Nkulu alitema mate pembeni. Bilonda alihesabu hatua kati ya shoka na yule rubani, na akajikuta amejiweka katikati bila kujua, mtoto kifuani.

"Tulisema mukienda, kazi yenu itakuwa yetu," Nkulu alisema polepole. "Nilikuwa fundi wa umeme, mi. Mukaenda. Kiisha kazi ikaenda, nayo. Sasa angalia." Akafungua viganja vyake vyeusi.

"Nkulu," Henriette alisema, "politique yako haifunge kidonda. Leta kamba."

Nkulu akampa Muteba, si shoka, bali koleo. Akamwonyesha, kwa maneno machache, kama fundi kwa fundi: moshi mweupe ni maji, uache, moshi wa bluu ni kuiva, uzibe, ukiona hewa inacheza bila moshi, moto umepata mlango, kimbia. Mvua ikija kubwa udongo utaporomoka. "Ikiporomoka?" Muteba aliuliza. "Ikiporomoka, utafanya yenye unaweza."

Njia ile Bilonda hakuisahau maisha yake yote. Ernestine alifungwa juu ya fremu, machela na yote, Nkulu mbele kwenye usukani, Henriette nyuma akisukuma kwa bega, anatukana kila jiwe kwa jina lake. Kwenye mteremko baiskeli ilitaka kukimbia, wakaining'inia. Kwenye mpando ilitaka kurudi, wakaizuia kwa vifua. Walivuka kijito maji yakiwa mapajani. Ernestine alianza kuongea na watu wasiokuwepo, kisha akanyamaza, na Bilonda alitembea kando yake ameshika mshipa wa mkono wake, Mbuyu ananyonya kifuani pake, naye Bilonda anasema neno moja tu kwa kila hatua: bado, bado, bado. Jioni walisikia muziki wa baa. Walipoingia hospitali, daktari alikuwa anafunga mlango aende kwake; akaufungua tena.

Usiku huo mvua ilinyesha. Bilonda alimkumbatia mwanawe nyumbani kwa mama yake, ananusa kichwa chake, anasikiliza bati likipigwa, na hakuweza kulala. Mvua kubwa. Udongo utaporomoka.

Asubuhi alirudi na Nkulu, baiskeli tupu. Henriette alibaki na Ernestine wodini. Walipofika kwenye ukingo ambako kambi inaonekana, Nkulu alisimama ghafla. Hapakuwa na moshi. Mbingu ilikuwa safi, imeoshwa, tupu.

"Amekimbia," Nkulu alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyezoea.

"Hakimbie na muguu ile!"

"Basi amekufa."

Bilonda alikuwa ameshaanza kuteremka, anateleza, anashika matawi. Ni alipofika chini kabisa ndipo alipouona: moshi mwembamba, wa bluu, unatambaa karibu na ardhi kama unaona haya kupanda. Na kwenye upande wa magharibi wa tanuru, ambako udongo ulikuwa umefunguka upana wa mlango, mtu alikuwa ameegemea kwa mgongo. Turubai la ndege lilikuwa limetandazwa pale, juu yake matope, juu ya matope shati la rubani na mistari yake, juu yake matope tena. Koleo lilikuwa limevunjika mpini. Alikuwa amechota kwa mikono.

"Tata Muteba!"

Alifumbua macho, meupe katika uso mweusi. "Ilifunguka mara mingi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mama eko?"

"Eko. Amepasuliwa. Eko hai."

Alifumba macho tena, akaitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa na malengelenge mpaka kwenye vifundo.

Nkulu alizunguka tanuru lake. Alilizunguka lote, polepole, anagusa udongo kwa kiganja hapa na pale, anainama, ananusa. Aliporudi alikuwa analia waziwazi, machozi yanachora njia nyeupe kwenye masizi.

"Imeiva," alisema. "Yote." Kisha akachuchumaa mbele ya Muteba, akampa mgongo. "Panda, kaka."

Akambeba mpaka kwenye baiskeli.

Ernestine alipoteza mguu chini ya goti. Daktari alisema, bila kulaumu mtu, kwamba siku moja mapema huenda angeuokoa. Muteba alipopewa plasta yake alienda kwa mkongojo mpaka kitandani kwa Ernestine, akaketi, akaanza: "Mama, ule moshi ya kwanza..."

"Nilisikia yote," Ernestine alisema. "Nilikuwa ku machela, hapana ku kaburi. Umenitia ndani ya tope juu ya woga wako. Ni kweli. Na umenivuta na mufupa ya kuvunjika. Nayo ni kweli." Alimnyanyua Mbuyu na kumweka mapajani mwa rubani, naye mtoto akashika pua yake. "Nimeacha muguu, mutoto niko naye. Umushike vizuri, mikono yako ingali bichi."

Wiki kadhaa baadaye, plasta ilipotolewa, Bilonda alimkuta amesimama kwenye lango la hospitali, hajui upande wa kwenda. Uwanja wa ndege ulikuwa kushoto. "Twende," alimwambia tu, na wakaenda kulia, kwa miguu, polepole, pikipiki zikiwapigia honi, mpaka Dilala, mpaka kwenye nyumba ya kona yenye baraza la saruji, na hapo Muteba akasimama.

Mwanamke aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani aliinua kichwa. Hakuwa mtu ambaye Muteba alimfahamu. Lakini mwanamke aliona jinsi mgeni anavyoutazama mlango, na mchi ukabaki hewani. Watu wa nyumba zile walijua kwamba siku ya wenyewe wa zamani kurudi itafika. Walikuwa wanaingoja na kuiogopa.

"Muko munakuya kutufukuza?" aliuliza.

"Hapana, mama," Muteba alisema. "Nilizaliwa humu. Nilipita tu kusalimia."

Mwanamke aliweka mchi chini. Aliingia ndani. Bilonda alidhani atasikia komeo. Badala yake alitoka na beseni na birika la maji, akapiga goti moja mbele ya mgeni, akamnyooshea. Muteba alitoa mikono. Alipoiona ngozi yake mpya, nyekundu, yule mama alipunguza maji yakawa uzi mwembamba, akammiminia taratibu, kidole kwa kidole, mpaka birika likaisha.

"Ingia basi," alisema, bila kumtazama usoni. "Bukari inapoa."

Muteba alivuka baraza. Kabla ya kufika mlangoni, bila kuangalia juu, aliinamisha kichwa. Na ni hapo tu Bilonda alipoona kwamba boriti ya mlango ule ilikuwa chini kuliko zote za mtaa.

Akainama naye, akamfuata ndani.